Mwezi wa Kiti

12 Februari

Shikamoo Mama,

Natumaini goti limetulia na sasa unalalia ule upande unaoupenda. Sisi huku wazima wote wawili, au niseme wawili na kidogo. Wasiwasi ni kwako tu.

Najua unashangaa kuona mwandiko wangu. Binti yako angeandika mwenyewe, lakini akitoka kazini vidole havikunjiki. Kaniambia, "Wewe si umekaa tu? Andika." Na mimi si mtu wa maneno, unanijua. Siku ya posa nilikaa kwako mpaka mjomba akauliza kama ninasikia. Shule nayo niliishia la tano, kwa hiyo makosa utayasamehe. Kupiga simu ingekuwa rahisi, lakini simu yako inakaa dukani kwa jirani, na mambo ya tumbo hayasemwi pale kati ya sabuni na wateja.

Habari yenyewe ni kiti. Amepata! Mama Kengele, yule msimamizi anayepiga kengele kama nyumba inaungua, aliangalia kadi ya kliniki Jumatatu, akaona imeandikwa mimba ni ya mwezi wa tano, akamtoa kwenye pasi akampeleka meza ya vifungo. Sasa anashona vifungo amekaa. Mimi bado niko kwenye kartoni, mashati sitini kila kartoni, nafunga na kamba, na mahali pangu panatazamana na mlango wa chumba cha pasi. Nilikuwa namwona anavyosimama kwenye mvuke, mguu mmoja juu ya mwingine kama ndege. Nilikuwa naumia, ila sisemi.

Ulivyomfundisha ndivyo alivyofanya. Siku ya kwanza kliniki nesi alipouliza siku zake za mwisho zilikuwa lini, alirudisha nyuma mwezi mzima bila hata kupepesa macho. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Kesho anatolewa damu. Ni kipimo kipya, nesi anasema ni cha kuchuja, damu inapelekwa hospitali kubwa waangalie kama kuna uwezekano mtoto akawa na shida. Anasema ni hiari. Binti yako akamwambia, "Chukua, damu ninayo."

Ni mimi mkweo,
Kimya (ulivyoniita wewe, na sasa hata kiwandani wananiita hivyo)

20 Februari

Mwanangu Kimya,

Marahaba. Goti lipo, linanitabiria mvua kuliko redio. Mengine yote sijambo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha, ya pili kutafuta yale makosa uliyoyaombea msamaha. Yapo, lakini nimeona mabaya zaidi kwenye mabango ya barabarani. Kumbe maneno unayo! Ulikuwa umeyaficha wapi siku ile mjomba anataka kukuletea dawa ya masikio?

Kiti nimekishangilia peke yangu chumbani. Wewe umeingia kiwandani juzi, hujui. Mimi nimesimama kwenye pasi zile mpaka goti liliponistaafisha. Ule mwezi wa kuongeza sisi tulikuwa tunauita mwezi wa kiti. Sijui nani aliuanzisha, nami niliukuta. Kiti ni cha mwezi wa tano, miguu inavimba wa tatu, sasa mtu ufanyeje? Unaongeza. Msimamizi hasikilizi mdomo wako, anaangalia kadi, kwa hiyo unamdanganya nesi, na kadi inamdanganya msimamizi. Wanangu wote wanne walizaliwa "wamechelewa". Daktari anakuna kichwa, sisi tunacheka chini ya shuka. Na huyu wenu atachelewa, usije ukakimbizana na watu mwezi wa saba bure.

Mwambie kitindamimba wangu anywe maji, na asimsikilize yeyote anayemwambia tumbo lake dogo. Dogo lazima liwe dogo, si tunajua sababu?

Akupendaye,
Mama

6 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Naomba uisome ukiwa umekaa. Binti yako hajui kama nakuandikia, alinikataza nisimwambie mtu, na wewe alikutaja wa kwanza.

Majibu ya ile damu yamekuja. Juu ya karatasi imeandikwa kwa wino mwekundu HATARI KUBWA, na chini yake 1 kati ya 60. Nesi alianza kutueleza, lakini foleni ilikuwa imefika nje, na binti yako alipoona yale maneno mekundu alisimama akatoka. Nikabaki mimi na nesi. Nikaitikia kila alichosema. Sikuelewa hata robo.

Nilichoshika ni hiki. Shida yenyewe ni ile hali ya Down, mtoto anazaliwa anachelewa kusema na kutembea, na wakati mwingine moyo unakuwa na kasoro. Tarehe 27 tunatakiwa hospitali kubwa. Huko kuna mashine ya picha, ya kliniki yetu ilikufa tangu mwaka jana. Na kuna sindano inaingia tumboni kuchukua maji anayoogelea mtoto. Hiyo ndiyo inasema kweli. Ila mara chache, mara chache sana alisema, sindano inaweza kuitoa mimba.

Mama, kwenye nyumba tunayopanga, binti wa mwenye nyumba ana hali hiyo. Ni mtu mzima. Anaanika nguo za wapangaji wote na ole wako uguse vibanio vyake. Namsalimia kila asubuhi, ananijibu "Umechelewa" hata nikiwahi. Sijawahi kumwogopa. Lakini juzi nilimwangalia muda mrefu mpaka akaniuliza, "Unanidai?"

Binti yako anakwenda kazini, anashona vifungo, anarudi, anageukia ukutani. Anasema mtoto anaumwa basi, imeandikwa. Mimi naona 1 kati ya 60 na sijui ni sitini ya nini. Ni kwamba mtoto ana sehemu moja mbaya kwenye mwili wenye sehemu sitini? Naona aibu kuuliza.

Mkweo,
Kimya

12 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Nimekaa kama ulivyosema, kisha nikasimama, kisha nikakaa tena. Mwili mzima, roho ndiyo inatembeatembea.

Kwanza, umefanya vizuri kuniandikia. Akikugombeza mwambie nilikulazimisha, uongo huo naubeba.

Pili, sikiliza. Akizaliwa na hali hiyo ni mjukuu wangu. Akizaliwa bila hiyo ni mjukuu wangu. Hilo tumelimaliza, halirudi mezani. Lakini kulia kwa sababu ya karatasi ambayo hamjaielewa, hapo nakataa. Mimi sijui mambo ya damu, mimi najua pasi. Sitajifanya daktari nikawapoteza, na jirani zangu wanaojifanya nimewafunga midomo. Mwenye kujua ni yule nesi. Rudi.

Rudi peke yako, mchana, foleni ikiwa imepungua. Mwambie, "Sikuelewa, nieleze tena." Akieleza na hujaelewa, mwambie tena. Mtu hafi kwa kuuliza. Ulikaa kimya kwangu siku ya posa nikakupa binti hivyohivyo, kwa sababu niliona macho yako yanafanya kazi. Kila mtu alikuwa anaongea, wewe peke yako uliona chai ya bibi imepoa, ukambadilishia. Sasa macho yamefanya yake. Mdomo nao ukafanye.

Na huyo binti yangu usimwache na ukuta. Kaa naye, hata bila kusema. Hiyo kazi unaiweza kuliko wote.

Mama

17 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini umelala walau kidogo tangu nilipokuandikia. Sisi ni wazima wa kula na kutembea.

Nimekwenda. Nilizunguka kliniki kwa nje kama mwizi, halafu nikaingia. Nesi mwenyewe ni mwanamke mnene mwenye miwani, alikuwa anakula. Nikasema, "Sikuelewa." Akasema, "Afadhali, maana ulivyokuwa unaitikia nilijua hujaelewa." Akavuta kiti, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nafunga mashati, sitini kwa kartoni. Akapiga meza. "Basi umeshaelewa, bado kukuonyesha tu!"

Akasema hivi. Chukua wanawake sitini wenye karatasi kama ya mkeo, watie kwenye kartoni. Mmoja mtoto wake ana hali ile. Hamsini na tisa watoto wao hawana. Mkeo ni yupi? Hatujui, kartoni imefungwa. Kipimo hiki hakifungui kartoni. Kinatuambia tu kartoni ipi inafaa kufunguliwa, na kufungua ndiyo ile sindano, kwa anayetaka. Nikasema, "Kwa hiyo karatasi haijasema mtoto anaumwa?" Akasema, "Haijasema na haiwezi kusema."

Mama, nilitaka kumkumbatia.

Nikaona mdomo umefunguka, nikauliza la pili: ni nini kwenye damu kinachowaambia? Akasema damu ya mwenye mimba inabadilika kila wiki, hiki kinapanda, kile kinashuka. Kwa hiyo wanaichukua damu wanailinganisha na ya wanawake wengine wenye mimba ya umri uleule. Ikipishana nao sana ndipo wino mwekundu.

Hapo nikakumbuka kadi, nikaaga haraka.

Mama, naomba radhi kabla sijasema, na nikisema naomba radhi tena. Wewe ni mzazi wangu na ulimfundisha kwa kumwonea huruma, na nilikiona kile kiti kikimsaidia kwa macho yangu. Lakini umri uleule walioutumia ni ule wa kwenye kadi. Damu ya binti yako imelinganishwa na wanawake waliomtangulia mwezi mzima. Lazima ipishane nao. Ni kama kuchukua shati la mtoto, ukalipima kwa mkubwa, ukasema limekatwa vibaya. Pengine ndiyo sababu, pengine siyo. Sina elimu ya kuapa.

Nilimwambia usiku uleule. Akakaa kitandani. Akasema, "Nikisema, kadi inabadilishwa, Mama Kengele ananirudisha kwenye pasi." Nikasema ndiyo. Akasema, "Na nikisema halafu mtoto bado ana shida? Nitakuwa nimepoteza kiti, na hata hili tumaini la kujidanganyia sina tena." Kisha akanitazama. "Halafu tangu lini wewe una maneno? Mama amezaa wanne kwa mwezi huo. Kama kuna kosa, Mama angesema."

Kwa hiyo, Mama, anasubiri wewe useme. Tarehe 27 haiko mbali.

Mkweo mwenye aibu,
Kimya

24 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini ni posta tu iliyochelewa na si goti. Barua yako haijafika. Kama umenikasirikia, una haki.

Tarehe 27 alfajiri tunaondoka kwenda hospitali kubwa. Binti yako amepiga pasi gauni lake la buluu. Kasema wakimuuliza tarehe atasema ileile.

Nimekuandikia tu ili usije ukasikia kwa watu. Nikifika pale nitaangalia kwanza. Ikibidi, nitasema.

Kimya

24 Machi

Mkwe wangu,

Salamu sina, nitakusalimia chini nikipoa.

Barua yako ilifika Ijumaa. Nilikasirika. Nilisema, kijana huyu hata ndevu hazijakaa sawa, anifundishe mimi kuzaa? Niliosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilimgombeza kuku. Jumapili nikaichukua tena nikafika pale kwenye shati la mtoto kupimwa kwa mkubwa, nikakaa chini nikacheka, kisha nikalia, kisha nikatafuta kalamu.

Wakati wetu hawakuwa wanatoa damu ya kuchuja. Walikuwa wanatushika tumbo na kusema "endelea". Ule mwezi tuliuongeza juu ya kadi tu, haukumgusa mtu. Sasa kumbe unaingia mpaka kwenye damu. Sikujua. Nani angejua?

Msomee binti yangu hapa kwa sauti, usimumunye maneno:

"Kitindamimba wangu. Ule mwezi nilikupa mimi. Nauchukua. Mwambie daktari tarehe ya kweli, mwambie mama yako ndiye aliyesema vile. Kiti kitatafutwa. Miguu ikivimba nitakuja kuikanda mwenyewe, nikitambaa na goti langu. Na mumeo akisema neno, lisikilize. Huwa hana akiba ya maneno ya kutapanya."

Basi. Barua hii naipeleka kwa dereva wa basi mwenyewe, posta siiamini. Sasa nakusalimia. Marahaba, mwanangu.

Mama

30 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini u mzima. Barua yako dereva aliniletea mpaka mlangoni jana. Ilikuwa imechelewa, Mama. Nilikuwa nimeshasema.

Ilikuwa hivi. Hospitali ile ina korido ndefu, viti vimefungwa sakafuni. Tukaitwa. Daktari ni kijana kama mimi, mpole, ana sauti ya chini. Akamlaza binti yako, akampaka kitu cha baridi tumboni, picha ikatokea kwenye kioo. Mama, anasogea! Anatikisa mkono kama anafukuza inzi.

Daktari akapima kichwa, akapima mguu, akakunja uso. Akapima tena. Akasema taratibu, "Ni mdogo. Ni mdogo sana kwa umri huu." Akageuka. "Mama, una hakika na tarehe ya siku zako?"

Binti yako akaangalia dari. Akasema, "Nina hakika."

Nikamwona daktari anachukua kalamu. Nesi wa pembeni akavuta kile kitoroli chenye sindano, kimefunikwa kitambaa cha kijani. Nikaangalia viatu vyangu, kama siku ile. Nikaona kamba ya kiatu kimoja imefunguka. Sijui kwa nini ndiyo iliyonitia nguvu. Niliinama nikaifunga, nilipoinuka nikasema, "Si kweli."

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Daktari, toa mwezi mmoja. Kiwandani kiti ni cha mwezi wa tano, kwa hiyo wanaongeza. Wote wanaongeza. Mke wangu si mwongo, amechoka tu." Nilisema yote bila kupumua. Binti yako akajifunika uso kwa mikono, halafu akasema ndani ya mikono, "Ni kweli. Toa mwezi."

Daktari akatoa. Akatazama vipimo vyake, akatazama kioo. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Basi si mdogo. Ni saizi yake kabisa." Yule nesi akakirudisha kitoroli ukutani, kimefunikwa vilevile. Sindano hata sikuiona.

Akatueleza kwamba ile damu ilitolewa mapema mno, karatasi ile ya wino mwekundu haifai kusomwa. Bado tuko ndani ya wiki za kupima, basi watatoa damu upya, kwa tarehe ya kweli. Hakutugombeza. Aliuliza tu, "Kiwandani kwenu mko wangapi?" Nikamwambia wanawake ni wengi kuliko mashine. Akaandika kitu pembeni.

Damu wamechukua. Na kadi imebadilishwa. Jumatatu binti yako anarudi kwenye pasi. Barua yako nimemsomea kwa sauti kama ulivyoagiza. Alilia pale kwenye kukanda miguu, akacheka pale kwenye akiba. Usiku hakugeukia ukutani.

Mkweo,
Kimya

5 Aprili

Mwanangu Kimya,

Marahaba, marahaba, marahaba. Goti limepona kwa dakika tano, nilikuwa nacheza.

Kwa hiyo mjukuu hana kitu? Niambie ndiyo au hapana, usinizungushe na kartoni. Na mbona unaandika "anarudi kwenye pasi" kama umeandika "kumenyesha"? Umeshaanza kusema, unaishia hospitali tu?

Mama

21 Aprili

Shikamoo Mama,

Natumaini umepumzika baada ya kucheza. Sisi wazima.

Naanza na pasi. Alisimama wiki mbili. Nilikuwa namwona mlangoni, mguu mmoja juu ya mwingine. Barua yako ikafika. Nikaiweka mfukoni nikaenda kwa Mama Kengele, kengele yake iko mkononi. Nikamwambia, "Wanawake wanawadanganya manesi kwa sababu ya hiki kiti. Kwetu damu ilipimwa vibaya. Tulikaribia kuchomwa sindano bure. Toeni kiti mapema, hakuna atakayedanganya."

Akanitazama mpaka nikahisi nimepungua. Akasema, "Wewe ndiye yule Kimya?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nani alikuambia habari za mwezi wa kiti?" Nikasema mama mkwe. Akauliza mkwe gani, nikakutaja ulivyokuwa unaitwa pale, Mama Mvuke. Mama, alikaa juu ya kartoni yangu akacheka mpaka kengele ikalia yenyewe, watu wakadhani ni muda wa kutoka. Akasema, "Huyo ndiye aliyenifundisha. Mimi mwenyewe niliongeza miwili!"

Hajabadilisha sheria, anasema sheria ni ya walio juu. Lakini ameleta mabenchi mawili chumba cha pasi, na anayesema amechoka anakaa, kadi haulizwi. Binti yako yuko kwenye lile la karibu na dirisha.

Sasa la mtoto. Majibu mapya yametoka. Hakuna wino mwekundu. Ni 1 kati ya 1,800. Uliniomba ndiyo au hapana, Mama, na siwezi kukupa, kwa sababu hata hii haifungui kartoni. Ila kartoni ni thelathini. Nilizipanga kazini nione, zilifika darini zikaziba dirisha, na mle ndani mwote shati lenye hali ile ni moja. Nesi wa miwani alisema hapo yeye asingechoma sindano, lakini uamuzi ni wetu. Tukaangaliana. Binti yako akasema, "Zibaki zimefungwa."

Tunalala vizuri. Sijui mtoto atakuwaje, lakini nisichokijua najua ni kiasi gani, na ni kidogo.

Mkweo,
Kimya

29 Julai

Mwanangu,

Marahaba hata kabla hujaamkia. Hapa kila jirani ananiuliza mjukuu yuko wapi, maana nilishawatangazia mwezi wa saba, ule wa kwenye kadi, kwa mdomo wangu mkubwa. Nawaambia tumehesabu upya. Wananiangalia kama nimeanza kuzeeka. Vumilieni, nami navumilia. Nimefunga mzigo, goti nimelifunga kitambaa. Mkisema neno napanda basi.

Mama

19 Agosti

Shikamoo Mama,

Natumaini barua hii inakukuta mzigo bado umefungwa, maana neno ndilo hili: panda.

Amefika jana asubuhi, mtoto wa kike. Nesi wa miwani amemkagua kutoka utosini mpaka kisiginoni, moyo amesikiliza mara mbili, akasema yuko sawa. Binti yako naye yuko sawa, amechoka, ananiamrisha. Mtoto ana sauti, Mama, hajachukua kwangu. Tumerudi nyumbani leo, na binti wa mwenye nyumba alikuwa anatusubiri mlangoni. Akamtazama mtoto, akamwambia, "Umechelewa." Kisha akachukua nepi zote akaenda kuzianika, vibanio viwili kwa kila moja.

Nakupa moja tu, mengine utayaona. Jana kule wodini nesi alileta kadi ya mtoto, akaweka kalamu sawa, akauliza tarehe ya kuzaliwa, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyempokea mtoto. Nadhani alikuwa anatutania. Binti yako akainua kichwa kwenye mto. Akasema:

"Andika ya leo. Usiongeze hata siku."

Mwanao,
Baba wa mtoto